Nusu Pishi na Robo Pishi

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Mwaka 2017, nilipoingia Kidato cha Tatu katika shule moja ya kata wilayani Muheza, mkoani Tanga, nilichukua fomu ya kugombea ukiranja wa taaluma. Tulikuwa watatu. Tulijieleza mstarini, tukapigiwa kura, kisha walimu wakakaa na hizo kura ofisini wakaamua walivyoamua. Nadhani nilipita kwa sababu mwalimu mmoja alisema mwandiko wangu unasomeka hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani.

Kwenye karatasi kazi ilikuwa kubwa: kufuatilia vipindi, kukusanya madaftari, kuandaa mdahalo wa Ijumaa na mada yake isiyozeeka, kama mwalimu ni bora kuliko daktari. Muhula ule nilikuwa upande wa daktari, na tulishinda. Lakini kazi yangu ya kila siku ilikuwa kuandika majina. Ada ilifutwa Januari 2016 na watoto wakamiminika. Kidato cha Kwanza B peke yake kilikuwa na wanafunzi 74, na mwalimu wa hisabati alikuwa mmoja kwa shule nzima. Kipindi kikikosa mwalimu, naingia mimi na karatasi. Sifundishi, naangalia midomo. Anayefungua mdomo, jina. Akirudia, naweka alama ya mkasi mbele ya jina. Saa nane mchana karatasi inafika kwa mwalimu wa zamu, na yanayofuata tunayasikia kutoka nyuma ya ofisi.

Baadaye sana, nikiwa nasomea ualimu, ndipo nilipokuja kusoma kanuni za mwaka 2002: kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sijui kama shule yetu ilikuwa na hicho kitabu. Karatasi yangu nilikuwa naijua vizuri.

Nisijifanye mwema. Nilikuwa naipenda kazi ile. Njuka, yaani wageni wa Kidato cha Kwanza, wakiniona natokea kwenye kona ya maktaba, darasa linazima kama redio iliyoishiwa betri, na mimi napita katikati ya madawati taratibu, kalamu sikioni.

Sasa, kila muhula tulikuwa na baraza la shule chini ya mwarobaini. Walimu kwenye viti, sisi chini, mwanafunzi yeyote anasimama na kusema linalomkera. Sharti moja tu: lugha ya baraza ni Kiingereza. Fikiria njuka aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba kwa Kiswahili, leo anaambiwa asimame mbele ya watu mia nne adai haki yake kwa Kiingereza. Mwaka uliotangulia hakusimama hata mmoja. Kwa hiyo safari hii mkuu wa shule alikuja na dawa: njuka aseme kwa Kiswahili, kiranja wa taaluma atafsiri, ili muhtasari uandikwe kwa lugha rasmi. Pale hapakuwa na mtu asiyejua Kiswahili, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi. Lakini utaratibu ni utaratibu.

Nilianza vizuri. Ndoo za vyooni hazitoshi, nikatafsiri. Wakubwa wanawachukulia mafagio, nikatafsiri. Nilikuwa nimenyoosha shingo kabisa.

Akasimama mtoto mmoja wa Kwanza B, mdogo kwa umbo, soksi moja juu nyingine chini.

"Shikamooni walimu. Mimi naomba kuuliza. Kiranja wa taaluma aliniandika jina siku ya Jumanne. Nilikuwa sipigi kelele. Nilikuwa namuuliza mwenzangu hesabu. Nikachapwa. Sasa naomba kujua, kama mwalimu hayupo, na mwenzangu haruhusiwi kunijibu, nimuulize nani?"

Kidato cha Nne wakaangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika, maana watu mia nne walikumbuka kwamba kuna mtu lazima aseme maneno yale tena.

Nikameza mate. Nikasema, kwa Kiingereza changu bora kabisa, kwamba mwanafunzi huyu anaeleza kuwa siku ya Jumanne jina lake liliandikwa. Nikajua nimeponea hapo.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa pembeni, anasahihisha madaftari juu ya mapaja. Hakuinua hata uso.

"Mtenda ni nani?"

Wiki mbili tu kabla alikuwa ametufundisha kauli ya kutendwa, jinsi sentensi inavyoweza kugeuzwa hadi aliyefanya jambo asionekane popote. Nilipata tisa kwa kumi.

"Rudia," akasema, "kwa kauli ya kutenda."

Nikarudia. Mimi nilimwandika. Ni maneno machache sana kwa Kiingereza, na yote nilikuwa nayajua tangu shule ya msingi.

"Bado hujatafsiri swali lake."

Nikalitafsiri. Mkuu wa shule akaegemea kiti, akafikiri kidogo, akajibu kwa Kiingereza sentensi moja. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu utaratibu ulikuwa ule ule, ilibidi nimgeukie yule mtoto nimrudishie jibu kwa Kiswahili:

"Mkuu wa shule anasema uniulize mimi."

Kesho yake, saa nne ya mapumziko, alikuwa mlangoni kwetu na daftari. Kweli bwana, alikuja kuuliza. Ameandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Nikamwambia amekosea, atafute KDS, kigawe kidogo cha shirika.

"KDS naijua, dada. Tulifundishwa. Mimi nauliza kwa nini. Juu tunajumlisha, chini hatujumlishi. Kwa nini?"

"Ndiyo kanuni."

Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na anaona haya kuhesabu mbele ya mwenye duka. Akasema ahsante, akaondoka. Nilikuwa wa pili darasani kwetu kwa hisabati, na nikagundua nimesimama pale mlangoni sina jibu.

Jioni nilimkuta bibi uani anapima mchele. Bibi hakusoma shule, alisoma chuo cha Kurani tu, lakini alikuwa na kibaba cha mti alichoachiwa na marehemu babu. Kila mwaka, Ramadhani ikielekea ukingoni, alikuwa akipimia fitri kwa kibaba kile, pishi kwa kila kichwa cha nyumbani kwetu, hata watoto wachanga.

"Bibi, nusu pishi ukiongeza robo pishi?"

"Vibaba vitatu."

"Shuleni kuna mtoto anapata theluthi ya pishi." Maana 2/6 ukiifupisha ndiyo theluthi hiyo.

Bibi akacheka hadi akashika ubavu. "Nilikuwa na nusu, nikaongezewa, ikapungua? Huyo asifungue duka."

"Lakini vitatu umevijuaje haraka hivyo?"

Akaniangalia kwa huruma. "Pishi si vibaba vinne? Nusu yake viwili, robo yake kimoja. Wewe unataka kuhesabu nusu na robo pamoja, vitu viwili mbalimbali. Vunja kwanza vyote viwe vibaba, ndipo uhesabu."

Nilikaa pale kwenye kigoda mpaka adhana ya magharibi. Miaka mitatu nilikuwa natafuta KDS kama mtu anayesoma dua asiyojua maana yake, na kumbe KDS ni kuvunja pishi. Nikamwomba kibaba. Akanipa kwa sharti kwamba kikipotea nisirudi.

Alhamisi Kwanza B hawakuwa na mwalimu. Niliingia na kibaba, ndoo ya mchanga na kopo la rangi ambalo nilikuwa nimelichora mstari wa mkaa pale vibaba vinne vinapofikia. Somo lenyewe, nikilipima kwa macho ya leo, lilikuwa vurugu tupu. Mchanga ulimwagika mezani, waliokaa nyuma hawakuona kitu wakapanda juu ya madawati, na mstari wa mkaa ulifutika kabla sijafika kwenye robo. Nilimwita mmoja apime nusu pishi, mwingine robo. Wakabishana kama kibaba kinajazwa sawasawa au kinawekwa kilemba, jambo ambalo, nakuhakikishia, limewagombanisha watu wazima masokoni. Darasa zima likawa linapiga kelele "vitatu! vitatu!" na wengine wachache, kwa ubishi tu, "vinne!"

Yule mtoto alikuwa kimya. Kisha akasema, si kwangu, kwa mwenzake wa dawati, yule yule wa Jumanne:

"Kumbe ile ya chini ni jina. Jina la kipimo. Ndiyo maana haijumlishwi."

Sikuwa nimewahi kuifikiria hivyo, wala bibi hakuisema hivyo. Nikatoa karatasi yangu ya kila siku mfukoni ili niiandike isinitoke: *robo mbili + robo moja, vibaba 2 + kibaba 1.* Nilikuwa bado naandika wakati kivuli kilipoziba dirisha. Mwalimu wa zamu.

"Kiranja! Kelele gani hizi? Mnasikika hadi ofisini."

Watoto wakashuka juu ya madawati mmoja mmoja. Mchanga ulikuwa unachuruzika kutoka mezani, unasikika.

"Majina yako wapi?"

Sikuwa na lingine la kumpa, nikampitishia karatasi ile ile dirishani. Akaisoma. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akaisoma tena kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari.

"Huyu Kibaba," akasema, "ndiye yupi kati ya hawa?"