Boti nzito ya mawimbi haiondoki? Anza na propela, si injini

Boti za wekibodi (ubao unaovutwa kwa kamba nyuma ya boti) na za kuteleza juu ya wimbi hufanywa nzito kwa makusudi. Boti ya mita 7 ikiwa tupu huweza kufika tani 2 na nusu, kisha inapakiwa tani 1 au zaidi ya maji ya farumi (maji yanayojazwa ili kuongeza uzito), halafu watu na mizigo yao. Uzito huo ndio unaoumba wimbi zuri nyuma. Uzito huohuo ndio unaoifanya boti iinue omo (mbele), izamishe tezi (nyuma) na kung'ang'ania hapo, injini inanguruma na mchezaji anameza maji huku ameshika kamba. Hapo wengi huanza kuulizia bei ya injini kubwa zaidi. Tunawasihi wasubiri, kwa sababu mara nyingi nguvu ipo, ila propela haiwezi kuitumia.

Kipimo cha kwanza ni tacho, saa inayoonyesha mizunguko ya injini. Pakia boti kama unavyoipakia siku ya kucheza: farumi, watu, mafuta. Tafuta maji matulivu, fungua mafuta hadi mwisho, spidi ikitulia soma mizunguko kwa dakika. Linganisha na kitabu cha injini yako. Tuseme kitabu kinataka 5,000 hadi 5,400 nawe umeishia 4,600. Injini hiyo imebanwa, ni kama lori linaloanza kupanda mlima kwa gia ya tatu. Haifiki pale nguvu yake ilipo.

Kabla ya kulaumu propela, ondoa sababu za bure. Fungua ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) uangalie: kila lita ya maji iliyolala humo ni kilo 1, na mifuko ya farumi hubaki na maji hata pale skrini inaposema imekwisha. Mwambie mtu asukume mkono wa mafuta hadi mwisho, wewe uangalie kwenye injini kama kipepeo cha hewa (kilango kinachoingiza hewa) kinafunguka chote; kebo iliyolegea huiba nguvu bila kuwasha taa yoyote. Badilisha filta ya mafuta kama hukumbuki ilibadilishwa lini. Osha tumbo la boti, maana utelezi wa kijani unatosha kuivuta nyuma. Kwa boti za zamani, ipeleke pamoja na trela yake kwenye mizani ya malori, kisha upime trela peke yake. Povu lililojazwa chini ya sakafu likishanyonya maji, boti hubeba mamia ya kilo ambazo hakuna aliyezipakia.

Halafu inama chini ya tezi. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa kila panga la propela. Mahali ukucha unaponasa, pameumia. Kijipengo cha milimita 3 tu kinatosha kuvuruga maji yanayopita pale, viputo vikazaliwa, na panga likawa linakata povu badala ya kusukuma maji. Dalili yake ni mizunguko kupanda ghafla wakati boti haisogei, pamoja na mtetemo sakafuni. Usilinyooshe kwa nyundo. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupimia pichi (mkunjo wa mapanga, tutaueleza hapa chini), kwa sababu mapanga manne yasipolingana hakuna hesabu itakayokusaidia.

Sasa hesabu yenyewe. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama mbao. Zidisha mizunguko kwa pichi ya inchi, zidisha kwa 0.001524, gawanya kwa uwiano wa gia: unapata kilomita kwa saa za nadharia. Boti yenye gia ya 1.46 na pichi ya 14.25, injini ikiwa 3,000, ingekwenda karibu kilomita 45 kwa saa. Lakini mteleza wimbi anataka kama 18. Tofauti yote hiyo ni mtelezo, yaani propela inachapa maji tu. Ndiyo maana pichi ndefu, inayopendeza kwa spidi ya juu, ni mzigo mtupu kwa boti iliyojazwa farumi.

Kupunguza pichi kwa inchi 1 huongeza takriban mizunguko 200 ukiwa umefungua mafuta yote. Kwa mfano wetu wa 4,600, kushuka inchi 2 kunakurudisha karibu na 5,000. Kipenyo kina uzito zaidi: inchi 1 ya kipenyo huilemea injini kama inchi 2 hadi 3 za pichi. Basi usiongeze kipenyo na kuacha pichi ilivyo. Pia acha nafasi kati ya ncha ya panga na tumbo la boti, angalau asilimia 10 ya kipenyo. Ukibana zaidi ya hapo, boti itapiga kelele na kutetemeka. Gharama ya pichi fupi ni spidi ya juu, itashuka kilomita kadhaa, na boti ikiwa tupu injini huweza kugonga kikomo chake, kwa hiyo usiikandamize ovyo. Kwa boti ya kazi hii tunaona ni biashara nzuri kabisa.

Unapoagiza, hakikisha upande wa mzunguko, kipenyo cha shafti, yaani mhimili unaozungusha propela (nyingi ni inchi 1 au inchi 1 na 1/8), na aina ya mchongoko wa koni (ncha ya shafti inayovikwa propela). Kuifunga ndiko watu wanakokosea. Boti iwe kwenye trela, ufunguo mfukoni mwako. Toa pini, legeza nati mizunguko michache lakini usiitoe, maana propela ikichomoka kwa kishindo nati hiyo ndiyo itakayoizuia isikuangukie miguuni. Tumia pula (kifaa cha kuvutia propela nje), usipige kitovu kwa nyundo. Safisha koni, vika propela mpya bila kii (kipande cha chuma kinachofunga propela na shafti zizunguke pamoja), isukume hadi ikae, piga alama kwa kalamu ya wino kwenye shafti, pale kitovu kinapoishia. Itoe, weka kii, irudishe. Ikishindwa kufika kwenye alama, kii imepanda juu na propela imekaa juu ya kii, haijashika koni. Ukiiacha hivyo, kitovu kinaweza kupasuka au shafti ikakatika. Piga kii msasa, jaribu tena hadi alama ifikike.

Uzito nao una mahali pake. Farumi yote ikiwa nyuma, boti haipandi. Hamishia kilo 150 au 200 omoni, na watu wawili wakae mbele wakati wa kuondoka. Bamba la katikati, lililofungwa tezini, lishushwe zaidi ya nusu ili kuinua tezi, kisha lipandishwe boti ikishakaa. Kama pampu zako zinavuta lita 50 kwa dakika, tangi la kilo 400 linajaa kwa dakika 8. Kwa boti dhaifu ni afadhali kuondoka na farumi nusu na kujaza ukiwa unakwenda. Mkono wa mafuta usukumwe kwa sekunde mbili tatu, si kwa kishindo, propela ipate maji ya kushika.

Kimo, yaani urefu wa ziwa kutoka usawa wa bahari, tumekiacha mwisho, ila kwa msomaji wa maziwa yetu ni jambo kubwa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Ziwa Tahoe la Marekani liko mita 1,897, na Naivasha iko karibu kimo hichohicho, mita 1,884: nguvu za farasi 350 hubaki kama 285. Ziwa Victoria, mita 1,134, hubaki kama 310. Kompyuta ya injini hupunguza mafuta yaendane na hewa, lakini hewa yenyewe haiwezi kuiongeza. Boti iliyokuja na propela ya Florida au Dubai itahitaji pichi fupi zaidi hapo, hata kama kule ilikuwa inaruka. Na baada ya saa moja ya kwanza majini, rudi chini ya tezi ukaze nati tena, kwa kuwa propela mpya hujikalisha kidogo kwenye koni.