Kabla ya Kupiga Lipu Mpya Mji Mkongwe

Lipu ya nje ikivimba na kumeguka kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar, mafundi wengi hukimbilia mfuko wa saruji. Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake mara nyingi nusu mita au zaidi. Hunyonya unyevu, kisha huutoa. Ukiuvika saruji, maji yanayopenya kwenye nyufa hayana pa kutokea. Yanalainisha udongo kwa ndani, na ncha za boriti zinaoza mahali jicho halifiki. Hata joto linapita kirahisi zaidi kwenye ukuta uliolowa.

Kwa hiyo anza na maji: paa, mifereji, bomba linalovuja. Mti ulioota ukutani usiung'oe kwa kuuvuta, maana mizizi hutoka na mawe. Ukate, kisha uchimbue mizizi lipu ikishatoka.

Gonga lipu kwa mpini wa nyundo. Panapolia tupu pameachia. Bandua kuanzia juu, kwa tindo na nyundo ya mkono, tindo ikilazwa. Mashine ya kuvunjia hutikisa ukuta mzima na matumbawe hupasuka. Saruji ikiwa imeng'ang'ania hadi inatoka na jiwe, iache kipande hicho. Hasara ya jiwe ni kubwa kuliko faida. Viungo kati ya mawe vilivyooza vikwangue kina cha sentimita 2 hivi.

Hapo utaona unga mweupe umetanda juu ya mawe. Ni chumvi. Usiuoshe! Maji huiyeyusha ikarudi ndani, kisha ikikauka tena inasukuma lipu mpya. Ipige brashi kavu, izoe, itupe mbali. Itatoka tena, nawe rudia. Ukuta uache wazi ukauke, ikiwezekana miezi mikavu ya upepo wa kaskazi. Hapa ndipo wenye nyumba wanapokosa subira, na hapa ndipo kazi inapoharibika.

Mashimo yajaze kwa vipande vya matumbawe pamoja na chokaa. Chokaa tupu ikiwa nene hupasuka inapokauka.

Mchanganyiko wa kawaida ni ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga mkali usio na vumbi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Chokaa iwe imelowekwa wiki kadhaa, kwani punje isiyoiva huvimba baadaye na kurusha lipu. Vaa glavu na miwani. Chokaa huunguza macho.

Lowesha ukuta jioni ya kuamkia kazi, na tena kabla ya kuirusha lipu ukutani. Jiwe kavu hunyonya maji yote na lipu inabaki vumbi. Kila tabaka lisizidi sentimita 1 hivi. Likwaruze kabla ya linalofuata, ulifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Juu yake paka chokaa nyepesi mikono 3 au 4. Rangi ya plastiki hufunga ukuta vilevile kama saruji uliyoibandua.