Upinde wa Sensei Wafika Mang'ola

Sensei, mwalimu wangu wa upinde wa Kijapani, alinikabidhi ule upinde Jumamosi moja ya Agosti 2019, baada ya mazoezi, wakati wenzangu wakisawazisha mchanga kwenye shabaha. Hakutoa hotuba. Aliutoa kwenye rafu, akaufuta kwa kitambaa kuanzia juu hadi chini, akanipa kwa mikono miwili. Ulikuwa wa mama mmoja wa klabu yetu aliyeacha kuvuta kwa sababu ya bega. "Upeleke kwenu," alisema. "Hapa umesimama tu."

Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili Miyazaki, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, na siku za kurudi kwetu Karatu, kaskazini mwa Tanzania, zilikuwa zinakaribia. Zawadi za kuagwa nilizozitarajia ni taulo, vijiti vya kulia, labda chai. Kitu cha sentimita 221 sikukitarajia.

Upinde wa Kijapani, yumi, unamzidi urefu anayeuvuta, na mahali pa kushika si katikati. Pako chini, kama theluthi moja kutoka ncha ya chini, kwa hiyo ukisimama nao sehemu kubwa inakupita kichwani. Huu wangu ni wa mianzi na mbao, umetengenezwa Miyakonojo, mji wa mkoa huohuo wa Miyazaki ambako ndiko zinakotoka pinde nyingi za mianzi za Japani. Klabu iliwahi kutupeleka kumwona fundi mmoja kazini. Vipande vya mwanzi na mbao vinapakwa gundi, vinalazwa pamoja na kufungwa kamba toka mwisho mmoja hadi mwingine. Kisha fundi anapigilia kabari za mwanzi chini ya zile kamba, moja baada ya nyingine, kabari nyingi ajabu, na kila inayoingia inaupinda mti kidogo kabla gundi haijashika. Mikono yake ilikwenda mbio na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Tulitoka pale bila picha hata moja, maana hata simu tuliona haya kuitoa.

Tatizo la upinde wa namna hiyo ni hali ya hewa. Gundi yake ya jadi inachemshwa kutoka ngozi ya mnyama, na joto lenye unyevu linailegeza. Mwanzi nao ukikauka kupita kiasi unapasuka. Ndiyo maana wanafunzi wengi wanavuta pinde za faiba, ambazo hazijali jua wala mvua. Kwa hiyo sensei alianza kunihoji kuhusu Karatu kama daktari anayemhoji mgonjwa mpya: baridi inafika ngapi, mvua zinanyesha miezi gani, nyumba ina madirisha mangapi. Nilimwambia Karatu iko juu milimani na mwezi wa saba tunavaa makoti. Hakuamini. Kwake Afrika ilikuwa ni jua tu, ingawa siku ile sote wawili tulikuwa tunatiririka jasho ndani ya dojo, ukumbi wa mazoezi, kwa joto ambalo Karatu sijawahi kuliona. Nilimfungulia simu akaona nyuzi joto mwenyewe. Akanyamaza, akaja na masharti: usiuache kwenye gari juani, usiutundike karibu na jiko, na usivute na kuachia patupu, bila mshale. La kutouhifadhi juu ya dari chini ya bati niliongeza mimi, maana yeye bati letu la saa nane mchana halijui.

Mishale ilikuwa na habari yake. Ile mizuri ya sensei ina manyoya ya tai, na manyoya ya ndege wa aina hiyo hayavuki mipaka kiholela. Kuna mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini na kuna vibali vyake. Akanichagulia mishale ya alumini yenye manyoya ya bata mzinga. "Hawa hakuna anayewatafuta," alisema. Nadhani ulikuwa utani, ila kwa sensei huwezi kuwa na uhakika.

Kifungashio nilikipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi: bomba la plastiki la maji taka, upana wa inchi nne hivi, nikaomba wanikatie urefu wa mita mbili na nusu. Upinde ukavishwa mfuko wake wa kitambaa, nikaujaza taulo zile za kuagwa pande zote, nikaziba ncha kwa vifuniko na gundi ya karatasi. Uwanja wa ndege wa Miyazaki yule dada wa mizigo aliutazama urefu tu, akauliza, "Yumi?" Nikasema ndiyo. Akabandika karatasi ya kuwa ni kitu cha kuvunjika, akaita kijana wa kuubeba, basi. Huko hata wanafunzi wa sekondari wanapanda treni na pinde zao zimesimama mlangoni.

KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mambo yalikuwa mengine. Bomba lilitoka peke yake kwa mlango wa pembeni, limebebwa begani na mzee mmoja wa mizigo, na watu wakapisha njia.

"Dada," akasema ofisa wa forodha, "yaani umetoka na bomba Japani? Hata Arusha mabomba yapo."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikasema ndani kuna upinde. Kicheko kikakoma.

"Upinde wa nini?"

"Wa mchezo, kaka. Ni wa kulenga shabaha."

Akaitwa askari. Nikafungua vifuniko, nikatoa taulo moja moja mbele ya foleni nzima, kisha mfuko, kisha upinde wenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwani yumi isiyofungwa kamba hujipinda kwa nje, kinyume na unavyoutegemea upinde, na asiyejua atadhani umeharibikia safarini. Askari alikuwa mtu mwema. Aliushika ncha zote mbili, akaegemeza goti, ili aurudishe mahali pake.

"Afande, tafadhali, usiunyooshe! Ndivyo ulivyo."

"Mbona umepindia nje?"

"Ukifungwa kamba unageuka."

Aliniangalia, akauangalia upinde, akaulaza mezani taratibu. Yule wa forodha alikuwa ameshahamia kwenye mishale. Manyoya ya ndege gani? Bata mzinga. Una hakika? Nikampa barua ya sensei, ukurasa mzima wa Kijapani ambao pale hakuna aliyeweza kusoma hata mstari, lakini chini yake ulikuwa na muhuri mwekundu wa mraba. Sijui kama muhuri ule ulihusu mishale au ulikuwa wa kunitakia heri. Ulifanya kazi. Aliandika "kifaa cha michezo, kimetumika" na kuniambia nikaribie nyumbani.

Kaka yangu alikuwa ameazima Noah ya jirani. Tulilifunga bomba kwenye keria kwa mipira ya baiskeli, nikamwambia aendeshe kwa adabu. Makuyuni trafiki alitusimamisha, akazunguka gari, akalitazama bomba limechomoza mbele. "Hilo mnalipeleka wapi?" Nyumbani, kaka akajibu. Trafiki akaturuhusu. Mto wa Mbu tulinunua ndizi nyekundu, na muuza ndizi naye akataka kujua bei ya bomba. Kuanzia hapo niliacha kueleza.

Nyumbani mama aliutundika sebuleni ukiwa umelala juu ya misumari mitatu iliyofungwa vitambaa, mbali na dirisha, na kuwakataza watoto. Ungebaki hapo kama si mjomba. Yeye analima vitunguu Mang'ola, bondeni karibu na Ziwa Eyasi, na alipousikia akasema lazima uonwe na watu wanaojua. Kuna mzee wa Kihadzabe, watu wanaowinda kwa upinde, anayemletea asali tangu mimi ni mdogo. Nilibishana na mjomba kuhusu joto la kule chini, tukaelewana tuteremke alfajiri na kumaliza kabla jua halijakomaa.

Mzee alikuja na upinde wake mwenyewe, mti mmoja mtupu uliochongwa, upote wake wa kano za mnyama, na mishale mkononi. Alinitazama nikifunga kamba ya yumi, ncha ya juu nimeiegemeza kwenye mwembe, ya chini pajani. Upinde ulipogeuka alitoa sauti ya kuridhika, ya kwanza kutoka kwa mtu yeyote tangu niondoke Japani. Kisha akachukua mshale wa alumini, akafumba jicho moja akaupima unyoofu wake, akautia menoni kama anavyoinyoosha mishale yake. Akautoa haraka.

"Chuma," akasema.

Akataka kuuvuta. Nilimwomba asiachie patupu. Alishika katikati, nikamwonyesha pa kushika ni chini, akaona ni mzaha. Alivuta hadi kifuani akasimama. Yumi inavutwa mpaka nyuma ya sikio, na kwa kidole gumba kilichovaa glavu ya ngozi.

"Mnaua nini na huu?"

"Hatuui kitu, mzee. Tunalenga duara la sentimita 36, mita 28 kutoka pale unaposimama."

"Linakimbia?"

"Halikimbii."

Alifikiri kidogo. "Na wanawake wa huko nao wanavuta?"

Nikamwambia wanavuta, wengi tu, na kwamba mwenye upinde huu alikuwa mama wa miaka mingi. Hilo lilimpendeza kuliko yote niliyosema. Aliwageukia vijana wawili aliokuja nao, akawaambia kitu kwa Kihadzabe, wakaniangalia upya.

Mjomba alisimamisha gunia la vitunguu lililojazwa majani makavu. Mimi nilifuata hatua zote: kusimama, kuinua mikono juu ya kichwa, kufungua taratibu, kungoja. Mishale miwili iliingia gunini na mmoja ukaenda kwenye vitunguu. Mzee alivuta wake huku akiendelea kuongea na mjomba kuhusu bei ya asali, akaupiga fundo la gunia.

Wakati nakunja kamba, mjomba alikuwa ameshalichukua bomba. Alilipima kwa hatua, akachungulia ndani, akaniuliza kama bado nalihitaji, maana mfereji wake ulikuwa unavuja pale unapovuka njia ya ng'ombe. Niliufunga upinde kwa mfuko wake na khanga mbili za shangazi, tukapanda nao Karatu umelala juu ya mapaja yetu. Kesho yake mjomba alipiga simu kusema maji yanafika hadi tuta la mwisho.