Usiku tuliolala kibanjani

Jana jioni lori la mchanga lilipita barabarani, vioo vya dirisha vikatikisika. Mwanangu alikuwa anachora mezani. Akaniangalia, akauliza, "Mama, mbona umeshika mlango?" Nilikuwa nimeshasimama kwenye fremu ya mlango, kiganja kimoja kimegandamana na ubao wa juu, wala sikumbuki niliinuka saa ngapi kutoka kwenye kochi. Nikamwambia naangalia mvua. Bado mdogo. Mengine nayaandika hapa, atayasoma akikua.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, kama saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa Hamugembe, Bukoba, kwa Bibi, nimemaliza shule, nasubiri majibu ya chuo. Bibi alikuwa uani anageuza kahawa aliyoianika kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nafua. Kwanza nilisikia mngurumo, nikadhani ni lori zito linapanda mlima, halafu maji ya beseni yakaanza kucheza yenyewe. Bibi akakaa chini palepale juu ya kahawa yake. Ukuta wa jikoni ukafunguka, ukaanguka kwa nje. Kisha mtaa mzima ukapiga kelele kwa pamoja, na vumbi jekundu likapanda juu ya migomba.

Baadaye tuliambiwa kipimo cha tetemeko lile la ardhi kilikuwa 5.9. Mtu wa Japani angesikia namba hiyo akaendelea na chai yake. Lakini nyumba nyingi za kwetu zilikuwa za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, bila lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu, bila nondo hata moja. Waliojenga hawakuwa wazembe. Walijenga kwa uwezo waliokuwa nao, tena mahali ambapo hata wazee hawakuwahi kuona ardhi ikifanya vile. Ihungo na Nyakato, shule ambazo kila mwenyeji wa Kagera amemsikia mjomba au baba yake akizitaja kwa majivuno, ziliharibika mpaka zikafungwa na wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine.

Jioni ile hakuna aliyelala ndani. Tuliingia kibanjani, yaani kwenye shamba letu la migomba, tukatandika majani makavu ya migomba, juu yake mkeka, juu yake turubai la kuanikia kahawa. Mjomba alikuwa amekwenda hospitali kusaidia kubeba majeruhi. Kwa hiyo tulibaki Bibi, mimi, na watoto watatu wa mjomba ambao hawakutaka kuachia sketi yangu. Kila baada ya muda ardhi ilitikisika kidogo, na mtaa mzima ukaguna.

Yapata saa nne usiku Bibi akaanza kulalamika kisogo. Nilijua maana yake. Alikuwa na presha ya miaka mingi, na vidonge vya jioni hakuwa amemeza. Vilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, chumbani kwake, chumba cha nyuma kabisa.

Nikamwambia, "Bibi, naingia mara moja."

Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuijua. "Mtu asiingie mle. Dawa ni yangu, na kufa nitakufa mimi. Kaa hapa tuombe."

Tukaomba. Bibi alikuwa mlokole wa zamani, wa uamsho ule uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka mpaka ukaingia Bukoba. Wenzake walikuwa wakikutana njiani wanasalimiana "Tukutendereza", yaani "tunakusifu" kwa Kiganda, kabla ya habari za nyumbani. Sala yake haikuwa na haraka hata usiku ule. Alianza kwa kushukuru, akataja watoto wake wote mmoja mmoja, waliokufa na walio hai, akafika kwa majirani, na katikati ya jina la jirani mmoja ulimi ukawa mzito. Akanyamaza. Nikamwita, akaitika kwa kuchelewa. Hapo nikachukua simu yangu ya kitochi, nikamwambia mtoto mkubwa ashike mkono wa Bibi asiuachie, nikatoka kibanjani.

Nataka nieleze vizuri jinsi mlango ule ulivyokuwa. Fremu ilikuwa imelala upande, kwa hiyo mlango ulifunguka nusu tu na ilibidi nipite kwa ubavu. Sebuleni palinuka udongo wa zamani, harufu inayotoka ukibomoa ukuta uliokaa miaka. Kalenda ya kanisa ilikuwa inaning'inia kwa pembe moja. Nilimulika dari, sikuona dari, niliona bati na boriti, na kati ya ukuta na boriti palikuwa na nafasi inayopitisha mkono. Miguu yangu ikagoma. Nilisimama pale, nikasikia tofali moja likidondoka chumba cha pili, peke yake, bila ardhi kutikisika.

Nilitafuta sala, sikuipata. Kilichokuja ni Zaburi ya 46, ile tuliyokaririshwa kwenye kipaimara na mwinjilisti aliyekuwa anatusimamisha mmoja mmoja mbele ya darasa. Ndiyo iliyompa Martin Luther wimbo wake mashuhuri, kwa hiyo mtoto wa Kilutheri hamalizi mafundisho bila kuijua. Nikaanza kwa sauti, maana kimya cha nyumba ile kilikuwa kinatisha kuliko kelele. "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu." Hatua. "Msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso." Hatua nyingine, na nyingine, hadi kwenye mlango wa chumba cha Bibi.

Nikamulika kitanda. Upande wa mto ulikuwa umefunikwa na matofali. Ukuta wa juu, ule wa pembe tatu unaoshika paa, ulikuwa umeshuka wote mahali ambapo Bibi hulaza kichwa kila Jumamosi baada ya chakula. Siku ile hakulala kwa sababu wingu lilikuwa limetanda akaihofia kahawa yake.

Nikaendelea. "Kwa hiyo hatutaogopa ijapobadilika nchi..." Bati likaanza kulia. Lililia kabla miguu yangu haijahisi chochote, mlio mwembamba, halafu sakafu ikapita chini yangu kama mtu anayevuta mkeka. Nikashika fremu kwa juu. Vumbi likaniingia machoni na mdomoni. Nilijua mstari unaofuata. Naujua tangu utoto. Unasema juu ya milima kutetemeka, na nilishindwa kuutamka. Mdomo ulifunguka, maneno hayakutoka, kwa sababu kilichotajwa mle kilikuwa kinatokea na mimi nilikuwa naogopa sana. Nikasema tu, "Baba, niko hapa. Baba, niko hapa." Nikarudia hivyo mpaka bati likanyamaza.

Watu wakinisikia nikisimulia hutaka niseme kwamba hofu iliondoka. Haikuondoka. Nilipiga magoti nikiwa natetemeka, nikapapasa chini ya kitanda, nikapata kopo limebonyea lakini kifuniko kimo, na nikatoka nikitetemeka. Nilichopewa mle ndani kilikuwa kidogo kuliko ushujaa: nilijua kuna ninayemwambia kwamba niko hapa. Sikuwa naongea na ukuta. Hilo nina hakika nalo leo kama nilivyokuwa nalo usiku ule, na ni kwa hilo miguu ilisogea.

Bibi akameza dawa na maji ya kwenye kidumu. Alfajiri kisogo kikapoa. Akaniuliza nimeingiaje, nikamwambia. Hakunipongeza. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu kwa muda mrefu, akasema "waitu", neno letu la heshima kwa Kihaya, mara mbili, basi.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo huwa nasimulia kanisani ninapoombwa ushuhuda. Kuna sehemu ya pili ambayo huwa siifikii, kwa sababu muda huisha au kwa sababu najua nitalia.

Jirani yetu, mama niliyekuwa namwita mama mdogo ingawa hatukuwa na undugu, mtoto wake wa mwisho alikuwa ndani wakati ukuta unaanguka. Mama mdogo alikuwa mtu wa maombi kuliko sisi wote. Ijumaa alifunga, Alhamisi aliongoza jumuiya. Alasiri ile nilimsikia akiita jina la Yesu huku anafukua matofali kwa mikono, kabla wanaume hawajafika na majembe. Aliita kwa imani, nina hakika. Mtoto alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo mtu anaponiambia, "Mungu alikuokoa kwa sababu ulimwita," najikuta nanyamaza. Namshukuru Mungu kwa uhai wangu kila asubuhi. Namshukuru kwa wingu lililomtoa Bibi kitandani. Lakini siwezi kuisimamisha shukrani hiyo mbele ya mama mdogo nikaifanya iwe hesabu, kwamba mimi niliita nikajibiwa na yeye aliita akakosa. Sijapata mchungaji wa kunifungulia fundo hili, na nimewauliza kadhaa. Mmoja alinijibu vizuri: aliniambia niendelee kuuliza, lakini niulize nikiwa nimepiga magoti.

Siku zilizofuata zilikwenda kwa kukimbizana. Jumapili waliagwa marehemu, Waziri Mkuu Majaliwa akaja. Jumatatu ilikuwa Idd, na majirani zetu Waislamu, ambao nyumba zao zilikuwa zimeanguka kama zetu, walichinja na kutuletea nyama chini ya turubai. Tukala pamoja. Tukazika. Tulilala nje mpaka nguo zote zikanuka moshi.

Jumapili ya tarehe 18 tukasali nje. Kanisa lilikuwa na ufa kutoka dirishani hadi kwenye msingi, wazee wa kanisa walikuwa wamefunga mlango kwa mnyororo. Viti viliwekwa chini ya mparachichi. Ratiba ya wasomaji ilikuwa imepangwa mwezi uliotangulia na kubandikwa ubaoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuibandua. Ilikuwa zamu ya mama mdogo.

Mzee mmoja alishainuka ili amsomee. Mama mdogo akamgusa mkono, akamrudisha kitini. Alikuwa amejifunga khanga nyeusi kiunoni, na kucha zake bado zilikuwa zimepasuka kwa kufukua. Somo lilikuwa limebadilishwa na mchungaji asubuhi ile kuwa Zaburi ya 46. Sijui kama alijua mapema. Alifungua Biblia, akatafuta ukurasa polepole, akasoma.

Nilikaa safu ya tatu, mkono wa Bibi ndani ya mkono wangu. Alipofika "kwa hiyo hatutaogopa" nilifumba macho, maana nilijua neno linalofuata na nilijua mimi lilinishinda nikiwa sijafiwa na mtu. Yeye akasoma: "Ijapobadilika nchi, ijapotetemeka milima moyoni mwa bahari." Sauti ilipasuka kwenye "milima". Akasimama, akameza mate, akarudia mstari wote tangu mwanzo, na mara ya pili ukatoka mzima. Hakuna aliyesema amina. Watu walikuwa wanalia, pamoja na mchungaji. Akasoma mpaka mwisho wa sura, akafunga kitabu, akarudi kukaa karibu na kiti ambacho mtoto wake alizoea kusimama juu yake.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya ujasiri tangu siku ile, na mengine yamenijenga. Lakini nikijiuliza nimewahi kuuona wapi kwa macho yangu, sioni usiku wangu na kopo la dawa. Namwona mama mdogo anarudia mstari.

Bibi alifariki kitandani pake miaka kadhaa baadaye, nyumba ikiwa imeshajengwa upya na lenta imezunguka kuta zote. Mama mdogo bado yuko Hamugembe. Tunapigiana simu Jumapili baada ya ibada, ananiuliza kama namfundisha mjukuu wake kusali, maana mwanangu anamwita mjukuu. Kuna jambo sijathubutu kumwuliza kwa simu. Nataka kujua kama asubuhi ile aliyaamini maneno yale wakati anayasoma, au aliyasoma kwanza kwa sababu ilikuwa zamu yake, imani ikamfikia baadaye, au bado anaisubiri. Mungu akipenda tutakwenda Bukoba Desemba hii, na nitamwuliza tukiwa wawili, tunamenya ndizi.