Kabla hujajibu "ni kweli" mbele ya hakimu

Nimekaa kimya humu kama miezi miwili, na wengine mmenitumia meseji mkidhani nimefunga duka au naumwa. Hapana, nilikuwa na kesi ya ndugu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alishushwa kwenye basi akitokea Buhigwe kwenda Kahama kutafuta mchele wa biashara, akaulizwa kitambulisho akatoa kadi ya mpiga kura na kikaratasi cha namba ya NIDA kilichokunjwa mpaka kimechakaa, akaulizwa babu yako mzaa baba alizaliwa wapi, akaanza kujikanyaga. Mara aseme Manyovu, mara ataje kitongoji ambacho hakipo tena tangu watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 70. Jioni tukapigiwa simu kwamba yuko ndani, anatuhumiwa sio raia.

Kwa asiyejua huku kwetu Kigoma, Kiha na Kirundi vinasikilizana, mtu wa Manyovu akikaa na mtu wa ng'ambo ya pili ya mpaka, Burundi, wanaongea hadi usiku bila mkalimani. Wajerumani walitutawala wote pamoja, baada ya vita vya kwanza Mbelgiji akachukua kule Mwingereza akabaki huku, ukoo ukakatwa katikati. Kwa hiyo lafudhi ya mtu haithibitishi kitu ila ndio inayosikika kwanza. Na sisemi watu wasikaguliwe, mkoa huu umepokea wakimbizi wengi wa Burundi tangu 1972, kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu kule Tabora na Katumba na Mishamo kule Katavi kuna watu zaidi ya laki moja na sitini elfu waliopewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, na mbali na hao kuna maelfu wa 1972 ambao hawakukaa kambini kabisa, walijichanganya na sisi vijijini. Kukagua lazima kuwepo. Ninacholilia mimi ni mtu kuingia mbele ya hakimu peke yake, hajui anaulizwa nini, na jibu lake la kwanza likamfunga.

Maana hata sisi tulitaka kumfunga wenyewe kwa mikono yetu.

Siku ya pili tu alitufuata jamaa mmoja, kavaa suti, mkoba mkononi, anaongea taratibu kama mtu wa sheria kweli. Akasema yeye ni wakili, kesi za namna hii kazizoea, tumpe laki mbili na nusu. Mama mkubwa akatoa hela ya mbegu. Yule jamaa akatuambia mwambieni kijana akisomewa shitaka akubali tu, atapigwa faini, mnalipa, mnarudi naye nyumbani yameisha. Na mimi jamani nilishukuru! Nikaanza kupiga hesabu ya faini nitaikopa kwa nani.

Mimi nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, nachapa viapo na barua za watu kila siku, lakini kuchapa kiapo na kuelewa sheria ni vitu viwili. Kilichotuokoa ni mteja wangu, mama mmoja msaidizi wa kisheria ambaye huja kutoa kopi za semina zake. Aliniona sina raha akaniuliza, nikamweleza yote mpaka ile habari ya akubali alipe faini. Akaweka karatasi zake chini.

"Mwanangu, akikubali anakuwa amekubali nini?"

Nikamwambia amekubali kosa.

"Kosa gani? Si la kuwepo nchini bila kibali? Mtanzania anahitaji kibali cha kuishi Tanzania? Akisema ni kweli, keshasema kwa mdomo wake kwamba yeye ni mgeni. Mtalipa faini, halafu akitoka hapo anaandaliwa safari ya kuondoshwa, na nyie risiti mnayo mkononi."

Nilikaa chini. Kumbe ile faini isingekuwa mwisho wa kesi, ndio ingekuwa mwanzo wa kumpeleka mpakani. Na akanieleza jambo ambalo nataka kila mtu wa Kigoma alijue, kwamba mtu akikiri kosa mwenyewe mahakamani, sheria haimruhusu kukata rufaa kupinga kule kutiwa hatiani, anaweza kulalamikia adhabu tu, kwamba imezidi au haiko kisheria. Labda ionekane kwamba maneno aliyoyasema hayakuwa kukiri kweli kweli, na hilo ni la kupigania Mahakama Kuu, sio jambo rahisi.

Yule mama hakutaka hata shilingi. Nilimwekea elfu ishirini kwenye bahasha akairudisha, akasema Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo inayowatambua na huduma yao ni bure, anayekudai hela huku anajiita msaidizi wa kisheria ujue kuna tatizo. Pia akanieleza mipaka yake, yeye anaelekeza, anasaidia kuandaa maelezo, anakuunganisha na wakili, ila hasimami mahakamani kukutetea. Ukitaka kuwapata waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri. Na kama mtu hana uwezo kabisa wa kumlipa wakili, hakimu mwenyewe akiona haki inahitaji anaweza kuelekeza apewe msaada wa kisheria, kwa hiyo mtu aseme wazi kwamba hana uwezo, asione aibu.

Yule wa suti tulimtafuta jina kwenye mfumo wa mahakama unaoitwa e-Wakili, unaandika jina la mtu unaona kama ni wakili kweli na kama leseni yake iko hai. Hakuwepo. Hakuwepo kwa spelingi yoyote, nilijaribu zote. Hela ya mbegu ndio ikaenda hivyo na simu yake mpaka leo haipatikani. Dakika tatu za bando zingetosha kumjua, na inaniuma kwa sababu kompyuta niko nayo mbele siku nzima.

Jumatatu tulipata kumuona kaka kabla hajaingia. Nikamwambia ukisomewa, sikiliza mpaka mwisho, usijibu kwa heshima, jibu kwa ukweli. Akajibu "si kweli mheshimiwa, mimi ni Mtanzania wa kuzaliwa". Ikaandikwa amekana, kesi ikapangiwa tarehe, dhamana ikawa wazi, tukahangaikia wadhamini wawili wenye barua za mtendaji na vitambulisho, Jumatano akatoka.

Jumatatu ile ile mahakamani kulikuwa na mzee mmoja muuza maharage. Huyu ndiye ananikosesha usingizi. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na kilo, mengine yote anaongea Kiha. Akasomewa, akajibu "ni kweli sina kitambulisho". Hakimu, nitasema haki yake, alimuuliza tena, lakini mzee wetu kalelewa kwamba mkubwa akikuuliza unaitikia, akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akatiwa hatiani. Alichokubali yeye ni kukosa kitambulisho, na kukosa kitambulisho sio kukosa uraia! Kumbe angeweza kusema sielewi lugha, naomba mkalimani, ni haki yake, ila nani alimwambia? Wanawe walikuwa wamekaa nyuma yangu, hawakujua kama kuna cha kuomba.

Wakili tuliyempata (huyu yumo kwenye e-Wakili, tuliangalia kabla ya kutoa hata mia) alikubali kumsaidia na yule mzee. Kusudio la kukata rufaa linatakiwa liingie ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukilala umepoteza. Afadhali siku hizi Mahakama Kuu iko hapa hapa Kigoma, zamani mtu alipanda treni mpaka Tabora kufuata rufaa. Ya mzee bado haijasikilizwa.

Sasa ushahidi. Sisi tulidhani bila NIDA hatuna kitu, wakili akatuuliza nyumbani kuna sanduku la wazee? Tukaenda Buhigwe, baba mkubwa akavuta chini ya kitanda sanduku la bati ambalo mimi tangu mtoto nilijua lina sanda yake. Mlikuwa na kadi ya TANU ya babu. Mlikuwa na risiti za kodi ya kichwa, wino umefifia lakini jina linasomeka. Shahada ya ubatizo ya baba mkubwa mwenyewe, imeandikwa kwa mkono, jina la baba, jina la mama, kijiji. Wakati kaka anaulizwa babu yako kazaliwa wapi na kushikwa kigugumizi, jibu lilikuwa limelala chini ya kitanda miaka yote. Baba mkubwa alikuwa anatukabidhi karatasi moja moja kama anatukabidhi mayai.

Tukaenda shule ya msingi aliyosoma, mwalimu mkuu akafukua rejista ya darasa la kwanza, akatuandikia barua yenye muhuri. Kadi ya kliniki ya kaka mama mkubwa alikuwa nayo. Mtendaji akaandika, wazee wawili wa kijiji wanaojua kaburi la babu lilipo wakakubali kuja kutoa ushahidi. Hivi vitu hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake lakini vikipangwa pamoja vinasema kitu kimoja.

Wakili alituhadithia pia kesi ya Anudo Ochieng Anudo, mtu wa mkoa wa Mara, pasi yake ya kusafiria ilichukuliwa 2012, akaja kusukumwa Kenya 2014, Kenya nao wakasema sio wa kwetu, akawa anaishi pale katikati ya mpaka Sirari, nchi hii sio yake na ile sio yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikaamua 2018 kwamba alinyang'anywa uraia wake kiholela na hakupewa nafasi ya kusikilizwa, na kwa kuwa siku zote alikuwa anahesabika Mtanzania, serikali ndio iliyotakiwa kuthibitisha kwamba sio. Ila mtu mmoja mmoja hawezi tena kwenda moja kwa moja kufungua kesi mpya kule dhidi ya nchi yetu, Tanzania ilitoa notisi ya kuondoa kibali hicho 2019. Maana yake kesi yako unaishindia hapa hapa, kwenye mahakama ya wilaya, siku ile ya kwanza.

Kesi ya kaka mashtaka yaliondolewa. Tumefurahi, kuku amechinjwa, lakini wakili katuonya kwamba mashtaka kuondolewa sio kwamba suala la uraia limefungwa, tufuatilie cheti cha kuzaliwa RITA na kitambulisho chenyewe NIDA, ndio tunachofanya sasa hivi.

Neno kwa wale ambao kweli ni wageni, mmeoa huku, kibali kimeisha, au mmekimbia hatari kwenu. Na nyie tafuteni wakili, na yeye mwambieni ukweli wote, kwa sababu mkimbizi ana sheria yake na mtu wa kibali kilichoisha ana yake, na hata kabla ya kupigwa PI, yaani kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku nchini, kuna mambo wakili anaweza kuyasemea. Msinunue vyeti vya kuzaliwa vya mtaani. Watu wanavileta hapa dukani nivitoe kopi, naviona, na nakataa, maana hapo unakuwa umeongeza kosa la kughushi juu ya lile la kwanza.

Jumamosi hii na inayofuata nitakuwa dukani kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Mwenye sanduku la wazee alete, kadi ya TANU, risiti za kodi, shahada ya ubatizo, cheti cha ndoa cha msikitini, rejista, chochote kile hata kama kimeliwa na mchwa. Kopi bure na naskani naweka kwenye flashi yako. Orijino mnarudi nazo nyumbani, nami naomba mzifunge kwenye nailoni kwanza kwa sababu mvua zimeanza.