Breki za gari la porini: sikiliza pedeli kabla ya kushika spana

Mtu akilalamika kwamba breki za gari lake la 4x4 hazishiki vizuri, ushauri wa kwanza anaopewa ni kubadilisha pedi. Mimi huupinga ushauri huo, si kwa sababu pedi haziishi, bali kwa sababu gari linalopita kwenye matope, mito na mawe lina namna zake za kuharibu breki, na nyingi kati ya hizo haziponi kwa pedi mpya.

Uchunguzi huanzia kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limesimama. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, endelea kuikandamiza, kisha washa injini. Pedeli inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, tatizo liko kwenye busta (kifaa kinachotumia vakyumu, yaani ombwe la hewa, kuongeza nguvu ya mguu), mpira wake wa vakyumu au vali inayozuia hewa kurudi, na kwa injini ya dizeli iongeze pampu ya vakyumu kwenye orodha ya washukiwa. Pedeli ikienda chini sana mara ya kwanza lakini ikapanda unapoirudia, ama kuna upepo kwenye mfumo, ama viatu vya breki vya nyuma viko mbali na dramu (ngoma ambayo vinaisugua kwa ndani) na vinahitaji kurekebishwa, ama beringi ya gurudumu imelegea kiasi kwamba diski inacheza na kuzisukuma pedi nyuma. Ikizama polepole ilhali mguu umetulia, tafuta mahali panapovuja. Usipopaona, na mafuta ya breki hayapungui kwenye kikopo chake, sili za ndani za masta silinda (pampu inayosukuma mafuta unapokanyaga pedeli) ndizo zinazopitisha.

Kuna pedeli inayowasumbua mafundi kuliko zote: ile inayogusa sakafu katikati ya mteremko mrefu, kisha gari likipoa inarudi kuwa nzima kana kwamba hakuna kilichotokea. Hayo ni mafuta ya breki yaliyochemka. Mafuta ya kawaida hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na unyevu huo hushusha kiwango cha kuchemka: mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140, kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei, na ndiyo maana mguu unakosa cha kusukuma. Gereji utaambiwa breki ni nzima, na kwa wakati huo ni kweli. Badilisha mafuta yote, na kwenye miteremko tumia gia nzito.

Gurudumu linalobaki limeshikwa hata baada ya kuachia pedeli hujitambulisha kwa joto. Endesha kidogo bila kugusa breki sana, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ukilipata lenye joto, pandisha gari kwenye stendi imara, si jeki peke yake, uzungushe gurudumu hilo kwa mkono. Likigoma, fungua kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Likiendelea kugoma, pistoni imeganda, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimejaa kutu na matope. Kwa gari la porini mimi huanza na pini. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imenaswa. Funga nati, kanyaga tena, kisha legeza kiungo ambapo paipu ya chuma inaingia kwenye mpira wa breki. Gurudumu likibaki limeshikwa, mpira umevimba kwa ndani na hauruhusu mafuta kurudi, hata kama kwa nje unang'aa kama mpya. Likiachia hapo, panda juu kuelekea masta silinda. Ukimaliza, kaza kiungo na utoe upepo wote.

Gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, usiharakishe kufungua upande linakoelekea, kwani mara nyingi huo ndio unaofanya kazi, na mgonjwa ni wa upande wa pili. Jaribio hili lifanyike gari likiwa kwenye uendeshaji wa magurudumu mawili ikiwa linaruhusu, kwa kuwa ekseli mbili zilizofungamanishwa husaidiana na kuficha udhaifu.

Kwenye breki za nyuma, nusa. Viatu vya breki vilivyolowa oili ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) vina harufu kali ya salfa, na kuvisafisha ni kujidanganya. Sili ya ekseli imepitisha, lakini kabla hujaifunga mpya kagua kipumulio cha difu: kikiziba kwa tope, oili ikipata moto hukosa pa kutolea presha na kujisukuma kupitia sili, na utakuwa umetibu jeraha ukaacha mwiba ndani.

Yapo pia magari ambayo breki zake zilidhoofishwa na mwenyewe. Tairi kubwa zaidi humpa gurudumu nguvu ya kushindana na breki zilezile za zamani. Gari likiinuliwa kwa springi ndefu, mipira ya breki inaweza kuvutika mpaka ukomo ekseli inaponing'inia, kwa hiyo ikague magurudumu yakiwa hewani. Halafu, kwa magari yenye vali ya kugawa nguvu ya breki iliyounganishwa kwa mkono na ekseli ya nyuma, angalia mkono huo uko wapi. Vali hupima mzigo kwa umbali kati ya fremu na ekseli. Ukiinua fremu, inadhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Mkono huo unapaswa kurekebishwa urudi kwenye pembe yake ya awali, kazi ambayo wengi waliofunga springi mpya huisahau.