Shule Iliyotobolewa Paa

Juma lililopita, baada ya kuzungumza na bibi yake kwa simu, binti yangu alikuja jikoni akaniuliza kama ni kweli kwamba hapa New York kuna shule iliyotobolewa paa kwa makusudi, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuingia humo akiwa mgongoni kwa mbeleko. Nilimjibu kwamba yote mawili ni kweli. Akasema, "Basi Bibi hakunidanganya," akaenda zake, akaniacha nimesimama na mwiko mkononi.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba 2017. Mama alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, akaja kutusaidia kulea, na kwa kuwa alikwisha kuchoka kukaa ndani kama mwali, nilimchukua tukapanda treni namba 7 mpaka Court Square, katika eneo la Queens, nikamwonyeshe makumbusho ya sanaa ya kisasa yaitwayo MoMA PS1. Kosa langu ni kwamba njiani nilimweleza kuwa jengo lile zamani lilikuwa shule ya msingi, na kwamba herufi P na S katika jina lake ni alama ya shule ya umma. Tangu hapo Mama hakuwa anakwenda makumbusho. Alikuwa anakwenda kukagua shule.

Mtu aliyesomesha darasa la kwanza kwa miaka arobaini halitazami jengo kama tunavyolitazama sisi wengine. Tulipokwisha kuvuka kuta za zege za mbele na kuingia ndani, hakusimama penye picha yoyote. Aligusa kizingiti cha dirisha, akatazama upande linakotokea jua, akapima upana wa ngazi kwa macho, akasema ni nzuri, watoto wanaweza kupishana bila kusukumana. Karibu na lango tulipita kwenye kitobo kidogo sakafuni, ambamo msanii Pipilotti Rist ametega video ya mwanamke aliyezungukwa na moto wa volkano, akipaza sauti kuomba msaada kwa lugha kadhaa. Mama aliinama, mtoto mgongoni, akamtazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini hawamtoi.

Kwenye mkahawa wa humo ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wenye mkahawa walikuwa wameupanga mfano wa darasa, meza zimeelekea mbele kama madawati, na orodha ya vyakula imeandikwa kwa chaki juu ya ubao. Mama alisoma ubao ule wote, ingawa Kiingereza chake cha vyakula si kikubwa, kisha akatoa hukumu: mistari inapanda, na aliyeandika alianza kwa herufi kubwa bila kupima nafasi. Tulikunywa chai. Sikumwambia bei yake.

Nilimsimulia historia niliyokuwa nimeisoma, kwa haraka, kama ninavyoisimulia hapa. Jengo lilijengwa miaka ya 1890, la matofali, kwa namna ile nzito inayofanana na kanisa. Mwaka 1963 shule ilifungwa kwa sababu wanafunzi walikuwa wamepungua mno, jengo likageuzwa ghala. Kisha akatokea mwanamama Alanna Heiss, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta majengo yaliyotupwa na kuwapa wasanii, na Juni 1976 akalifungua kwa maonyesho ya wasanii 78 ambao hawakutundika kazi ukutani tu bali walilitumia jengo lenyewe, toka ghorofa ya chini kabisa mpaka darini. Alan Saret alitoboa ukuta wa matofali ili jua lipenye. Gordon Matta-Clark alikata sakafu za ghorofa tatu kwa umbo la milango.

"Na mwalimu mkuu akasema nini?" Mama aliuliza.

Nilimkumbusha kwamba hapakuwa tena na mwalimu mkuu. Akanyamaza, kisha akarudia mwaka ule: 1976. Ndipo na mimi nikafahamu kwa nini.

Mama ni wa kizazi cha walimu wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto wa Tanzania awe darasani ifikapo mwaka 1977, walimu hawakutosha hata kidogo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Yeye alianza mwaka 1976, katika shule ya kijiji upande wa Pangani iliyokuwa na vyumba viwili vya udongo na mwembe mmoja, na mwembe ulihesabiwa kuwa chumba cha tatu.

Ghorofa ya juu kuna chumba cha James Turrell, kilichotengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1986. Jina lake ni Mkutano, kwa sababu msanii huyo amelelewa katika dhehebu la Quaker, ambao hukutana kwa ibada ya kukaa kimya. Hakuna kitu ndani isipokuwa viti virefu vya mbao vilivyozunguka kuta zote nne, na juu, katikati ya dari, pamekatwa mraba ulio wazi kabisa, hauna kioo. Kingo zake zimechongwa zikawa nyembamba kama wembe, hivyo huoni unene wa paa, na mbingu yenyewe inaonekana kama kitambaa kilichobandikwa darini. Tuliingia yapata saa kumi jioni, jua likikaribia kuchwa, baridi ikishuka moja kwa moja juu ya vichwa vyetu. Mama alimshusha mtoto, akampakata, akajitanda kanga juu ya koti, akaegemea.

Kwanza alihesabu watu. Nilimwona akisogeza kidole gumba juu ya vidole vingine, kama alivyokuwa akifanya mstarini asubuhi. "Tuko kumi na tisa," alininong'oneza. "Chumba hiki kinaingia watoto hamsini. Wakibanana, sitini."

Kisha taa zilizofichwa zikaanza kubadilika taratibu kuzunguka dari, na kwa kila rangi ya taa mbingu nayo ikageuka: ikawa samawati ya kuiva, ikawa kijani, ikawa rangi ya zambarau iliyopondwa. Ndege moja ikakata pembe ya mraba ikatoweka. Watu wote walikuwa kimya, na katika ukimya ule Mama akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kwamba mwaka wake wa pili wa kazi upepo ulichukua mabati ya darasa lake, yakaokotwa kwenye minazi yakiwa yamejikunja, na muhula mzima alifundisha chini ya mraba kama huu. Watoto walikuwa wakitazama juu badala ya ubaoni. Wingu likitanda, alikuwa akikimbilia kuokoa rejista kwanza, halafu chaki, halafu anawaambia warudi nyumbani.

Ningependa kuandika kwamba alikasirika, kwani hadithi ingekuwa nyepesi. Hakukasirika. Alikaa mpaka mraba ukawa mweusi kabisa, akawa wa mwisho kuinuka. Mlangoni alinitaka nimuulize kijana wa zamu swali moja: shule ilipofungwa, watoto walikwenda wapi? Kijana alitabasamu, akasema hajawahi kuulizwa hivyo, labda walihamishiwa shule nyingine ya jirani. Mama alimshukuru kwa adabu. Katika treni akaniambia, "'Labda' si jibu, baba." Tangu siku ile nimelibeba swali hilo, na sijui hata kama lilihusu watoto wa Queens.

Mbingu ya chumba kile nayo ilikuja kupata mgogoro wake. Januari 2019 majukwaa ya ujenzi wa mnara wa makazi uliokuwa ukipanda jirani yalianza kuchungulia ndani ya mraba, chumba kikafungwa kwa muda. Mama nilipomweleza alisema shule zote zina tatizo la mipaka.

Jana, kwa sababu ya lile swali la jikoni, nilimpeleka binti yangu. Mvua ilianza tulipotoka kituoni, na tulipofika ghorofa ya juu tulikuta mlango umefungwa, na tangazo kwamba chumba hufungwa hali ya hewa ikiwa mbaya. Mtoto alinuna njia nzima. Usiku alimpigia bibi yake kumshtakia, nikasikia kicheko cha Mama kikitoka kwenye simu.

"Kumbe na wao," alisema, "mvua ikinyesha hawasomi."